Kabla hujaaga maabara

Mpendwa Neema,

Salamu nyingi. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unauliza kama sheria ya hataza, ile haki ya mvumbuzi ya kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wake, itakufaa wewe uliyesomea kemia na usiyependa mabishano. Hilo la mabishano lisikusumbue, maana wengi wa fani hii hawakanyagi mahakamani kabisa. Jiulize jingine: unaweza kukaa na sentensi moja saa tatu bila kuichoka?

Chukua penseli yenye raba mwishoni. Tuseme hakuna aliyewahi kuiona, nawe unaiandikia madai, yaani ile sehemu ya ombi inayochora mipaka ya haki ya mvumbuzi. Ukiandika "penseli ya mbao yenye raba iliyobandikwa kwa gundi", mshindani ataibana raba yake kwa kipande cha bati na hutamgusa. Ukikimbilia upande wa pili, ukaandika "kifaa cha kuandikia chenye sehemu ya kufutia", mkaguzi wa ofisi ya hataza atatafuta chochote cha zamani kinachoenea humo, hata kibao cha chaki kilichofungiwa kitambaa pembeni. Akikipata, dai limekufa. Basi unarudi: "iliyoshikizwa" badala ya "iliyobandikwa", kisha unapima kama "mwishoni" panatosha au pamebana mno. Neno unaliweka, unalitoa, unalirudisha. Kazi yenyewe ndiyo hiyo.

Na maneno yakikaa sawa, bado. Hymen Lipman alipata hataza ya penseli yenye raba nchini Marekani mwaka 1858. Mwaka 1875 Mahakama ya Juu ya huko ikaikataa: penseli iliendelea kuandika, raba iliendelea kufuta, na kuziweka pamoja hakukuzaa tokeo lolote jipya. Ukiisoma hoja hiyo ukasisimka, ukataka kuipinga au kuitetea, hiyo ni dalili njema sana.

Sehemu kubwa ya siku ni kujibu ripoti za wakaguzi. Mkaguzi analeta hati mbili tatu za zamani na kusema dai la 1 si jipya. Unaipekua hati aya kwa aya, ukitafuta kipengele kimoja tu cha dai lako kisichokuwamo. Ukikipata, linafuata swali gumu zaidi: mtaalamu wa kawaida wa fani hiyo asingekifikia kwa urahisi? Hapa ndipo maombi yaliyoandikwa kwa haraka yanapoumbuka. Mwandishi aliandika "huchemshwa kwa joto linalofaa", basi. Angetaja nyuzi 40 hadi 90, na bora zaidi 60 hadi 70, angekuwa na pa kurudi nyuma. Ombi likishawasilishwa, huruhusiwi kuongeza jambo ambalo halikuwamo siku ile. Mkemia mwenye tabia ya kuandika vipimo vyote ana mtaji mkubwa, Neema.

Tarehe nazo hazina huruma. Mkataba wa Paris wa 1883 unakupa miezi 12 tangu ombi la kwanza kuomba nchi nyingine kwa tarehe ileile ya kipaumbele, yaani uhesabiwe kana kwamba huko nako uliomba siku ile ya kwanza. Ukipitia PCT, mkataba unaokuruhusu kuanza na ombi moja kwa nchi nyingi, kwa kawaida unaingia nchi mojamoja ndani ya miezi 30 tangu tarehe hiyo. Ukichelewa, mteja anaweza kupoteza nchi nzima. Na kuna wale wanaotangaza uvumbuzi kwenye mkutano kwanza, ndipo wanakuja kuomba. Marekani inawavumilia mwaka mmoja. Mahali pengi uvumbuzi wao hauhesabiwi tena kuwa mpya. Kumweleza mtu aliyetoka jasho miaka kadhaa habari hiyo ni kazi yako pia, na haizoeleki.

Utakachokikosa ni mikono. Utajua uvumbuzi wa watu wengi, hutafanya wako. Kama furaha yako ni kuona mchanganyiko ukibadilika rangi mbele ya macho yako, fikiri sana hapa.

Kuhusu njia: kuwa wakala wa hataza si lazima uwe mwanasheria. Marekani, mtihani wa ofisi ya hataza una maswali 100 ya kuchagua jibu, na sharti ni elimu ya sayansi au uhandisi. Ulaya unahitaji shahada ya namna hiyo na miaka 3 hivi ya mafunzo chini ya wakala aliyesajiliwa kabla ya kumaliza mitihani. Waliosomea umeme au mitambo mara nyingi huajiriwa na shahada ya kwanza. Kwenye dawa na bioteknolojia, waajiri wengi hutaka ya uzamivu. Ukitaka kesi za mahakamani, hapo ndipo sheria inakuwa lazima.

Usijiuzulu bado. Fungua Espacenet, hifadhi ya hataza mtandaoni, ni bure, chagua hataza moja ya kemia unayoielewa. Soma maelezo yake yote, madai usiyatazame. Andika dai la 1 mwenyewe, kisha linganisha na lao, neno kwa neno, ukijiuliza kila neno lao linamzuia nani na linamwacha nani apite. Fanya hivyo kwa hataza tano, jioni tano. Kisha nitumie hayo madai yako matano, pamoja na yale uliyoyafuta.

Wako,
Rehema