Risala ya Umoja wa Wasichana Waliosoma Shuleni Hapa kwa Mgeni Rasmi, Mahafali ya Kidato cha Nne

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa Bodi ya Shule,
Mkuu wa Shule na walimu wote,
Viongozi wa serikali na wa dini,
Wazazi, wahitimu na wanafunzi,
Mabibi na mabwana,
Itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima. Pili tunakushukuru wewe kwa kukubali mwaliko wetu, na zaidi kwa kufika kweli. Tunalitaja hilo kwa sababu tumewahi kualika wageni rasmi wakatuma wawakilishi, na wawakilishi wakatuma salamu. Wewe umekuja mwenyewe, tena saa ileile iliyoandikwa kwenye kadi, jambo ambalo wapishi wetu hawakulitarajia. Tunaomba uwavumilie.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, historia ya shule hii ni ndefu, nasi tutaikata. Ilianzishwa na masista, kama shule nyingi za wasichana za zamani hapa nchini. Ikachukuliwa na serikali baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969. Ikapanuliwa, ikachakaa, ikakarabatiwa kidogo, ikachakaa tena. Kanisa dogo la masista ndilo bwalo la leo. Mengine yamo kwenye kijitabu kilicho mezani pako, chini ya maua.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunajivunia kukutaarifu kwamba wasichana waliopita hapa wametapakaa katika kila fani. Tunajua shule dada zina majina makubwa. Kilakala ya Morogoro, iliyokuwa Marian College ya masista wa Maryknoll, wanaye Mama Getrude Mongella, Katibu Mkuu wa mkutano wa wanawake wa Beijing mwaka 1995 na Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika mwaka 2004. Wanaye pia Mama Anne Makinda, mwanamke wa kwanza kukalia kiti cha Spika wa Bunge letu, mwaka 2010 hadi 2015. Weruweru wanaye Dkt. Asha-Rose Migiro, Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuanzia mwaka 2007 hadi 2012. Sisi hatujatoa Spika. Lakini tumetoa mwandishi wa taarifa rasmi za Bunge, yule anayeandika Hansadi, na kwa maana hiyo Spika akisema, Waziri akisema, maneno yao hayawi rasmi mpaka yapite chini ya vidole vya msichana wa shule hii.

Hatukuishia hapo. Tuna wakunga ambao watoto waliowapokea wangeweza kujaza kata nzima. Tuna dereva wa lori anayevusha mizigo Tunduma kwenda Lubumbashi; kamati inamhesabu kuwa mwanadiplomasia wetu katika nchi za SADC, na maafisa forodha wa mipaka yote wanamjua kwa jina. Tuna mpima ardhi, ambaye mashamba ya jirani yalipoanza kuula mpaka wa shule alikuja na vyombo vyake, kwa nauli yake, akasimamisha vigingi. Tuna hakimu wa mahakama ya mwanzo, fundi umeme anayepanda nguzo, mwalimu mkuu mmoja na wasaidizi kadhaa, na refa aliyewahi kuwatoa uwanjani wanaume wawili katika mechi moja akafika nyumbani salama. Mama mwenye mgahawa pale stendi ni wetu. Wahitimu wengi wakisubiri matokeo wamefanya kazi kwake, na hajawahi kumchelewesha mtu mshahara. Sare wanazovaa wahitimu leo zimeshonwa na mhitimu. Pilau tunayoisikia ikinukia inasimamiwa na mhitimu mwingine, japo huyo kitaaluma ni mhasibu.

Yuko pia mtaalamu wa maabara katika hospitali ya mkoa. Tumemweka mwisho kwa makusudi. Dada huyu, ambaye leo anapima damu za watu akitafuta vimelea vya malaria, alishika hadubini kwa mara ya kwanza akiwa chuoni. Hapa shuleni aliisoma kwa mchoro wa ubaoni, akaweka majina ya sehemu zake zote, akapata alama zote. Siku ya kwanza chuoni akainamia kioo cha chini badala ya kile cha juu, na wenzake kutoka shule nyingine wakacheka. Alitusimulia katika kikao cha mwezi wa sita, naye alicheka. Sisi hatukucheka.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa tunaomba utusikilize kwa karibu.

Wahitimu hawa wana mtihani wa taifa wiki chache zijazo, pamoja na mtihani wa vitendo. Mazoezi ya kemia wanayafanyia katika darasa la kidato cha pili, masomo yakiisha. Madawati yanasukumwa ukutani, maji yanaletwa kwa ndoo. Bureti mbili, ile mirija ya kioo ya kupimia vimiminika, zimefutika namba, kwa hiyo mwalimu wa kemia amezichora upya kwa kalamu ya wino mzito, na kila zikioshwa anachora tena. Msichana anayetakiwa kusoma ujazo hadi sehemu ya kumi ya mililita anasoma mwandiko wa mwalimu wake. Gesi hakuna. Moto ni wa taa za spiriti, na ili upepo usizizime inabidi madirisha yafungwe. Siku wanayopima chumvi za amonia harufu inalala humo, na asubuhi kidato cha pili wanaingia kusoma ushairi huku macho yakiwatoka machozi. Mwalimu wa Kiswahili anasema si kwa sababu ya ushairi.

Wako wanaotuuliza kwa nini wasichana wetu hawaendi kwa wingi kwenye michepuo ya sayansi. Profesa Wangari Maathai alisomeshwa na masista kule Loreto Limuru, Kenya, shule ya wasichana kama hii. Kutoka pale akaenda Kansas, Marekani, kusomea baiolojia. Mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamivu, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Kila mtu anakumbuka miti yake. Kamati inaomba ikumbukwe pia kwamba kabla ya miti alikuwa mtu wa maabara.

Maabara yetu ipo, Mheshimiwa. Tafadhali geuza shingo kidogo kushoto, nyuma ya hema la wazazi. Ndilo lile boma. Jiwe la msingi liliwekwa na mgeni rasmi mmoja, jina lake limechongwa vizuri, na kila mahafali tunalipangusa vumbi. Wahitimu walichanga, wazazi wakasomba mchanga na mawe, kuta zikapanda mpaka kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha. Hapo zikasimama. Mpapai umejiotea ndani, mahali ilipopangwa meza ya mwalimu. Umeipita lenta na unazaa. Kidato cha tatu walipofundishwa uzazi wa mimea walipelekwa pale, kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba jengo halitumiki.

Umoja wetu una daftari la ahadi. Mgeni aliyefuata baada ya jiwe la msingi aliahidi saruji, na tulipofuatilia tukaambiwa suala linafanyiwa kazi. Mwingine aliahidi mabati ya jengo zima, hapa hapa, mbele ya wazazi. Vigelegele vikapigwa, akashuka jukwaani akacheza na wanafunzi. Tukaandika barua. Tukajibiwa tuandike kupitia ngazi husika. Tukaandika kupitia ngazi husika. Ngazi husika ikatuuliza kama ahadi hiyo ilitolewa kwa maandishi. Wa tatu alisema atarudi mwenyewe kulifungua jengo, na tunaamini nia yake ingali ileile, ila jengo ndilo lililomwangusha. Wahenga walisema ahadi ni deni. Kwa hesabu hiyo umoja huu ni tajiri sana, tatizo ni kwamba mali yote iko kwa wadaiwa.

Hatusemi haya kumlaumu mtu. Tunasoma tu kilichoandikwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ombi letu ni moja, nalo ni paa. Basi la shule hatuliombi leo, uzio hatuuombi, kompyuta hatuziombi, ingawa vikija havitarudishwa. Tunaomba mbao zilizotiwa dawa, mabati ya geji 28 na kofia zake, misumari, na ujira wa mafundi wa kupaua. Makadirio yameandaliwa na mhandisi, yamepigwa mhuri, yapo katika nakala tatu: moja yako, moja ya msaidizi wako, na ya tatu ni ya yule atakayesema hakuiona.

Upande wetu hatukukaa bure. Mhitimu mwenye duka la vifaa vya ujenzi ametoa masinki na mabomba, yamo stoo. Fundi umeme wetu atatandaza nyaya bila malipo, siku yoyote paa likishakuwa juu ya kichwa chake. Na yule dada wa hospitali ametutafutia hadubini mbili zilizotumika lakini nzima kabisa. Ziko ofisini kwa Mkuu wa Shule, juu ya kabati, zimefunikwa kitenge, kwa kuwa vumbi la darasa la kidato cha pili lingeziua muhula mmoja.

Tunalo na ombi dogo la ziada, nalo tunalitoa kwa unyenyekevu mkubwa: tunaomba usiahidi. Kama lipo la kutoa, hata bando moja la mabati, mhazini wetu amekaa meza ya pili, amevaa kilemba cha njano, ana kitabu cha stakabadhi na namba ya akaunti ya umoja. Kama leo halipo, tuambie halipo. Tutakupigia makofi yaleyale, na pilau ni ileile.

Ratiba inaonyesha kwamba baada ya risala hii ni hotuba yako. Kamati inaomba ruhusa ya kuibadili kidogo: twende kwanza kwenye boma. Si mbali na njia imefagiliwa. Ukiingia uangalie miguu, kuna mabaki ya nondo upande wa kulia wa mlango. Hotuba tutaisikiliza tukisharudi.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu,
Kwa niaba ya Umoja wa Wasichana Waliosoma Shuleni Hapa