Wake wenza wa kwenye tamthilia siwajui

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na waandishi wa tamthilia zetu. Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga, na ni mke mkubwa. Mwenzangu anakaa Mikanjuni. Habari zake nilizijua kabla posa haijapelekwa, nikauliza niliyotaka kuuliza, nikaridhia.

Sasa jioni nikiwasha televisheni, wake wenza ni wa aina mbili tu. Kuna msichana aliyefichwa kwenye nyumba ya kupanga, anayefumaniwa kwa meseji ya usiku. Na kuna mke mkubwa anayetoka kwa mganga na unga wa kutia kwenye chai. Mume kazi yake kushika kichwa. Wanangu wanayatazama hayo. Mdogo, wa darasa la pili, alikataa uji kwa mama yake mdogo mpaka mama huyo alipouonja kwanza.

Sisemi uke wenza ni asali. Wivu upo, tena mwingi, ila wetu hauna tunguri. Zamu zetu ni siku mbili mbili: mume akisafiri kwenda Dar es Salaam katika zamu yangu, akirudi aanzie wapi? Hilo tu limeshatununisha wiki nzima. Januari ni sare na michango ya shule. Wakubwa wangu wako sekondari, wa mwenzangu bado wadogo, naye anaona wangu wanakula fungu lake. Na Idi, chakula cha mchana kwa nani? Tulipokubaliana wote waje kwangu, ugomvi ukawa ni nani aonje chumvi ya pilau.

Halafu hiyo ridhaa yenyewe, mbona haionyeshwi? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema ndoa ya mke mmoja haigeuki kuwa ya wake wengi mpaka mume na mke wasaini tamko kwa hiari yao mbele ya jaji au hakimu. Hata ikiwa ndoa ni ya wake wengi, mke aliyepo anaweza kuweka pingamizi kwamba kipato cha mume hakitoshi. Hebu fikirini mke anasimama mbele ya watu kuhesabu mshahara wa mumewe! Kenya nako, mwaka 2014, wabunge wanaume waliondoa kwenye muswada wa ndoa haki ya mke kumkataa mke mwenza, wabunge wanawake wakatoka ukumbini kwa hasira. Hapo hakuna tamthilia?

Afrika Kusini tangu 2017 wanarusha maisha ya bwana mmoja na wake zake, wake wanasema wenyewe na mume wanambishia mbele ya kamera. Sipendi kila ninachokiona humo, bwana yule anajisikia mno, lakini angalau wanawake wana midomo.

Mume anayeoa kwa siri ni mwongo. Mtungieni hadithi ya uongo wake, wala msituchanganye naye sisi tulioulizwa.

Mwandishi anayetaka kujua zamu zinavyopangwa aje kibandani kwangu baada ya saa kumi jioni. Mwenzangu naye yuko tayari kuhojiwa, mradi isiwe siku ya zamu yake.

Mke Mkubwa,
Ngamiani, Tanga