Una kinundu kwenye tezi ya shingo (thairoidi)? Soma hapa kabla ya kusaini fomu ya upasuaji

Wengi wanaokuja kwetu kupiga ultrasaundi ya shingo wameshaambiwa na jirani au shangazi kwamba goita (uvimbe wa tezi hiyo) ikishaonekana ni kisu tu. Wengine wameambiwa isiguswe, itaamka. Usishike lolote kati ya hayo.

Vinundu vya tezi hii ni vya kawaida mno, hasa kwa wanawake na kadiri umri unavyosogea, na takriban 9 katika kila 10 si saratani. (Chumvi yenye madini joto husaidia kuzuia goita, haiyeyushi kinundu kilichokwisha kuota.) Anza na kipimo cha damu cha TSH, homoni inayoiamuru tezi ifanye kazi. Ikiwa chini, huenda kinundu kinatoa homoni kupita kiasi: moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, unakula lakini unakonda. Hilo lina matibabu yake, na si lazima yawe kisu.

TSH ikiwa sawa, tunasoma picha. Tuseme ripoti yako imeandikwa "TR3, sm 1.8". TR ni alama ya TI-RADS, mfumo unaopanga vinundu kuanzia 1 hadi 5 kwa sura: kimejaa maji au ni kigumu, kingo zake zikoje, kina chembe za chokaa au hakina. TR3 huchomwa sindano, ili kuchukua chembe za kupimwa, kikifikia sm 2.5, TR4 sm 1.5, TR5 sm 1. Hicho chako ni cha kupigwa picha tena baada ya mwaka. Tunajua aliyetoa nauli kutoka mbali hapendi kuambiwa "rudi mwakani", lakini kumchoma sindano asiyeihitaji ni kumlia pesa zake. Korea Kusini walipima shingo za watu wazima kwa wingi, na kati ya 1993 na 2011 saratani za tezi zilizogunduliwa ziliongezeka mara 15. Vifo havikupungua.

Majibu ya sindano huja kwa madaraja ya Bethesda, mfumo wa kupanga chembe zilizochukuliwa, I hadi VI. II ni salama, VI ni saratani. Penye utata ni III na IV: hapo daktari anaweza kurudia sindano au kutoa upande mmoja wa tezi ili uchunguzwe.

Hata kinundu salama kinaweza kustahili kutolewa kikibana koo, chakula kikikwama, au ukilala chali pumzi ikawa ya shida. Kukerwa na mwonekano nako ni sababu halali.

Ila muulize daktari wa upasuaji: anatoa nusu au tezi nzima, na kwa mwaka hufanya upasuaji wa aina hiyo mara ngapi? Ikitolewa yote, utameza levothairoksini, kidonge cha homoni ya tezi, kila siku maisha yako yote, asubuhi tumbo likiwa tupu, chai ikisubiri walau nusu saa. Hakikisha duka la dawa la karibu nawe linaiuza. Mshipa wa fahamu wa sauti unapita pale pale. Kama wewe ni mwalimu, muadhini au mwanakwaya, mwambie mapema. Na ukisharudi nyumbani, midomo au vidole vikianza kufa ganzi, huenda kalsiamu imeshuka: rudi hospitali siku hiyo hiyo.

Ukija kwetu, beba ripoti na picha za zamani hata kama zimechakaa, maana bila hizo hatuwezi kusema kama kinundu kimekua. Kinachokua ndani ya wiki chache, au kilichoambatana na sauti kukauka, hakisubiri miadi: njoo moja kwa moja.