Sheria za kambi Mlima Kenya ziwafikie wageni kabla hawajafunga mizigo

Mhariri,

Nawasikia wenzangu hapa Chogoria wakisema Ziwa Ellis, huko juu mlimani, lifungiwe wapiga kambi, kwa kuwa vijana wanaopanda na magari wikendi wanawasha mioto ovyo. Mimi ni mpishi wa misafara ya Mlima Kenya. Mioto hiyo inanikera sana, lakini kufunga ziwa siungi mkono.

Kwa asiyepafahamu: ukitoka mjini Chogoria unapita mashamba, kisha msitu na mianzi, hadi lango la mbuga lililo karibu mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Hapo kuna banda za kulala na nafasi ya hema. Mwenye gari lenye nguvu, mvua ikiwa haijaharibu njia, anafika Ellis, mita 3,500 hivi, na kupiga hema hatua chache kutoka majini. Wanaotembea kwa miguu husonga hadi Ziwa Michaelson, chini kabisa ya jabali la Temple, au hadi Hall Tarns kwenye vidimbwi, zaidi ya mita 4,200, ambako usiku maji huganda ndani ya chupa. Wengi wa wale wa wikendi hawafiki huko. Wao ni Ellis, picha, nyama, na kurudi Jumapili.

Kuwasha moto wa kuni mbugani ni marufuku, na sababu iko chini ya miguu yako. Udongo wa huku juu ni mboji nyeusi, imefunikwa na nyasi za vishungi na vichaka vya erika vinavyoshika moto hata vikiwa vibichi. Moto unaumwagia maji, unaona umezima, kumbe chini bado unafukuta. Siku ya pili upepo unauamsha na wewe umeshafika Thika. Tunaoishi chini ya mlima hatujasahau Machi 2012, moto ulipokula nyika kwa siku nyingi na moshi ukaonekana kutoka mbali.

Juzi nimekuta kando ya Ellis duara la mawe meusi, shina la erika nene kama mkono likiwa limeungua nusu, maganda ya mayai, na maharagwe yamemwagwa nyasini. Niliyabonyeza kwa kidole: magumu! Hapo ndipo ninapoona shida yenyewe. Aliyeyapika hakuwa mkorofi, alikuwa hajaambiwa. Katika urefu ule maji huchemka kabla hayajafika nyuzi 90, kwa hiyo maharagwe makavu au githeri utachochea mpaka usiku wa manane bila kuiva. Gesi yako ndogo ikiisha, na baridi imeanza kuuma, macho yanageukia kichaka kilicho karibu. Sisi wapishi hupanda na githeri iliyokwisha chemshwa nyumbani, ndengu zilizolowekwa, mchele, chapati za jana. Mtu wa mara ya kwanza atajuaje?

Anajua akifika langoni. Anasomewa kwamba moto haukubaliki, kwamba chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga zetu tangu Juni 2020, kwamba takataka zake atashuka nazo. Wakati huo kuni alizonunua barabarani ziko kwenye buti na katoni ya maji iko kiti cha nyuma. Ametoka Nairobi alfajiri, ameshalipa. Unategemea arudi Chuka kutafuta mtungi wa gesi? Ataitikia tu, apite, na gizani afanye alivyopanga.

Ombi langu ni kwamba sheria zitangulie. Siku hizi ada ya kuingia inalipwa kwa simu, basi risiti hiyohiyo ije na maneno machache kwa Kiswahili: njoo na jiko la gesi, pika nusu nyumbani, beba maji kwenye chupa ya kudumu, sabuni isiguse ziwa. La sabuni nalitilia mkazo, kwani maji ya Michaelson ndiyo yanayoteremka kuwa Mto Nithi, na sisi ndio tunayanywa.

La pili, vijana wetu waruhusiwe kukodisha majiko ya gesi pale langoni. Wapo wasio na kazi msimu wa mvua, na mgeni aliyesahau atakuwa na pa kukimbilia badala ya kutafuta panga.

Wanaotaka ziwa lifungwe wakumbuke nani hununua mayai, viazi na mbuzi wetu Ijumaa jioni. Wazungu wa kupanda kilele huja na chakula chao kutoka maduka makubwa ya Nairobi. Hawa vijana wa Ellis hununua hapa Chogoria, sokoni, kwa akina mama. Likizo ya Agosti inakaribia na nyika itakuwa imekauka, kwa hiyo hayo maneno ya kwenye risiti yaanze mapema.

Mpishi wa misafara,
Chogoria, Kaunti ya Tharaka Nithi