Wanaoshindana Kisiwa cha Man si wendawazimu

Mhariri,

Wanaowaita wendawazimu waendesha pikipiki wa TT (Tourist Trophy), mbio za Kisiwa cha Man kilicho kati ya Uingereza na Ireland, hawazielewi mbio hizo. Mzunguko ni kilomita 60.7 za barabara ya kawaida, kona zaidi ya 200, kuta za mawe pembeni. Huachiwa mmoja mmoja, kila baada ya sekunde 10, kwa hiyo mpinzani mkuu ni saa. Kona nyingi huingiwa kabla mwisho wake haujaonekana. Lazima zikaririwe, kazi ya miaka. Mwaka 2023 Peter Hickman alizunguka kwa wastani wa kilomita 219 kwa saa. Kwa kasi hiyo akili haibebi wazo jingine lolote, na utulivu huo ndio wanaoufuata. Tairi likiteleza, hakuna changarawe ya kukupunguzia mwendo. Zaidi ya 260 wamefia hapo tangu 1911, nao wanalijua hilo.

Mpenzi wa mbio za pikipiki,
Mombasa