Tuache kupandisha mafaili kwa mkono

Mhariri, salamu toka Uyole, baridi ya mwezi wa sita inang'ata vidole hata kibodi haigusiki. Naomba nafasi niongee na vijana wenzangu tunaotengeneza mifumo ya wavuti, jamani tuache kupandisha mafaili kwenye seva (kompyuta inayohifadhi tovuti) kwa mkono. Mimi nina mfumo wa bei za viazi, sasa mwaka jana usiku nikawa napandisha mabadiliko faili moja moja kwa FTP (njia ya kutuma mafaili kwenye seva), kufika la kumi na moja umeme ukakatika na bando nalo likaisha, yaani nusu mpya nusu ya zamani, asubuhi ukurasa mweupe pee na mama mmoja wa Mwanjelwa ananipigia, "wee kijana, bei ziko wapi?" Nilitamani ardhi inimeze.

Siku hizi natumia GitHub Actions, huduma ya kufanya kazi hizi zenyewe ndani ya GitHub (tovuti ya kutunzia msimbo, yaani code), ipo tangu 2019 na wanakupa dakika za bure kila mwezi. Unaandika kafaili kamoja ka maelekezo, ukishapush tu (yaani ukituma mabadiliko GitHub) kwenye tawi kuu, lile toleo rasmi la msimbo, mashine yao inachukua msimbo, inaendesha majaribio, yakifeli inagoma hapohapo, yakipita inaingia kwenye seva kwa SSH (njia salama ya kuingia kwenye seva toka mbali) inaweka toleo zima kwenye folda mpya ndo inahamishia huko kiungo kinachoiambia tovuti isome folda ipi. Laptop yangu ikizima katikati, poa tu. Ila funguo za seva msiziandike ndani ya msimbo (nimeona watu wanafanya!), GitHub wana sehemu ya siri ya kuziweka.

Na nyie walimu wa kompyuta wa vyuo vya hapa Mbeya, hili lifundisheni mwaka wa kwanza, mimi nimelijua kwa kutukanwa.

Msomaji wenu,
Uyole, Mbeya