Mikataba ya pango vijijini iandikwe mbele ya ofisi ya kijiji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalotusumbua sisi watumishi na wafanyabiashara wadogo tunaopanga nyumba katika vijiji vinavyouzunguka mji wa Pangani, mkoani Tanga. Habari za kodi za nyumba mijini husemwa sana, lakini huku vijijini hudhaniwa kwamba kupanga ni jambo la ujirani lisilohitaji karatasi. Huenda zamani ilikuwa hivyo. Tangu ianze kujengwa barabara ya lami ya kutoka Tanga, pamoja na daraja la Mto Pangani kuelekea upande wa Bweni, ambako watu wamezoea kuvuka kwa kivuko, viwanja vya kando ya bahari vinatafutwa na watu wenye fedha, na nyumba inaweza kuuzwa mpangaji akiwa bado yumo ndani.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Shule yetu haina nyumba za walimu za kutosha, kwa hiyo nilipohamishiwa hapa nilipanga vyumba viwili katika nyumba ya udongo na fito, iliyoezekwa kwa makuti, kwa shilingi 30,000 kwa mwezi. Mama mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, nami nikampa shilingi 180,000. Risiti yangu ilikuwa ukurasa uliochanwa kwenye daftari la mwanafunzi, wenye jina langu, kiasi cha fedha na alama ya dole gumba lake kwa wino wa buluu. Mwezi wa kuingia uliandikwa. Wa kutoka haukuandikwa.

Masika ilipoanza, paa lilivuja hadi kitandani. Nilipomweleza, alinijibu kwa upole, "Mwalimu, wewe ezeka tu, tutakatana kwenye kodi." Nikanunua makuti ya viungo 150, nikamlipa fundi aliyeyafunga kwenye fito safu kwa safu kwa siku mbili, na hesabu yote nikaiandika. Katika mwezi wangu wa nne, kabla hatujakatana chochote, alifika kaka yake kutoka Tanga mjini akifuatana na watu wawili ambao waliupima ua kwa hatua bila hata kunisalimu. Hapo ndipo nilipojua kwamba nyumba ile ni ya urithi, kwamba wenye haki ni ndugu watano, na kwamba wanne kati yao walikuwa wameshakubaliana kuuza. Nilipewa wiki mbili kuhama. Kodi ya miezi miwili iliyobaki haikurudi, wala gharama ya makuti. Mama yule, ambaye naamini hakuwa na nia mbaya, alilia mbele yangu kwa sababu fedha alikuwa ameshazitumia na yeye mwenyewe hakuwa na pa kwenda.

Sitaki wenye nyumba waonekane kuwa ndio wabaya. Wengi wao hapa hawana kipato kingine zaidi ya nazi na kodi hiyo, na ukimuuliza mtu kwa nini anadai miezi sita pamoja, atakuambia kwamba shilingi 30,000 ya kila mwezi huishia kwenye unga na mafuta ya kupikia, ilhali 180,000 hununua mabati. Wapo pia wapangaji, wakiwemo watumishi wenzangu, ambao barua ya uhamisho ikifika huondoka alfajiri wakiacha deni la maji na kodi. Kwa hiyo maandishi ninayoyaomba yatamlinda mwenye nyumba pia.

Sheria ya mwaka 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo kiasi cha kodi ni makubaliano ya watu wawili. Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, inayo masharti kuhusu mikataba ya pango, lakini ni wachache vijijini waliowahi kuyasikia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka huohuo, imeweka baraza la ardhi la kijiji lenye wajumbe saba, watatu kati yao wakiwa wanawake, kwa ajili ya kusuluhisha. Nilipokwenda kwa wajumbe wa kijiji nilichokuwa nikiishi, nilisikilizwa kwa heshima, kisha nikaambiwa kwamba wao wamezoea migogoro ya mipaka ya mashamba na kwamba karatasi yangu haikuwa na shahidi. Kuhusu shahidi, walisema kweli.

Ninachoomba ni kwamba halmashauri ya wilaya iandae fomu moja fupi ya mkataba wa pango kwa Kiswahili, ipatikane bila malipo kwa kila afisa mtendaji wa kijiji, na isainiwe mbele yake. Fomu hiyo itaje wote wenye haki katika nyumba, na kama ni ya urithi, msimamizi wa mirathi atie saini au ndugu wote wakubali. Ieleze ni nani anayeezeka paa na anayechimba choo kikijaa, gharama za matengenezo zinakatwaje kwenye kodi, na mpangaji atapewa notisi ya muda gani endapo nyumba itauzwa. Kuhusu kodi, napendekeza isilipwe kwa zaidi ya miezi mitatu kwa mara moja, na kiasi kilichobaki kirudishwe kabla mpangaji hajatoa vyombo vyake nje.

Kijiji ninachoishi sasa kinatarajia mkutano mkuu mwezi ujao. Nimeshamwandikia mwenyekiti nikiomba suala hili liwe miongoni mwa ajenda, na ninawaomba wapangaji na wenye nyumba wa vijiji vya jirani wafanye vivyo hivyo.

Mwalimu mpangaji,
Pangani, Tanga.